Gurudumu Dogo au Kubwa? Jinsi ya Kuchagua Baiskeli ya Milimani Ukiwa Nakuru, Kisumu au Kakamega

Tairi la Black Mamba, ile baiskeli nyeusi iliyobeba magunia, kreti za soda na abiria wa boda boda huku magharibi mwa Kenya kabla pikipiki hazijaenea, limeandikwa 28. Tairi la baiskeli mpya ya milimani limeandikwa 29. Vua matairi yote mawili, chukua tepu upime rimu pale tairi linapokalia. Rimu ya 28 ina milimita 635, ya 29 ina milimita 622. Yenye nambari ndogo ndiyo kubwa.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu watu wengi hununua baiskeli ya gia kwa kusikia tu kwamba “kubwa ni bora” au “ndogo ni nyepesi”, na hawajui hata kubwa ni ipi. Mimi naishi Nakuru, nina ndugu Kakamega na Kisumu, na nimeendesha saizi zote tatu za milimani kwa miaka mingi: 26, 27.5 na 29. Ukinifuata hatua kwa hatua hutapoteza pesa zako kwenye gurudumu lisilokufaa.

Hatua ya kwanza: soma nambari iliyojificha

Kando ya tairi, mbali na ile nambari kubwa ya inchi, pana nambari nyingine yenye kistari katikati, kwa mfano 57-622. Mara nyingi ni ndogo na imejaa vumbi, kwa hiyo ifute kwa kidole kilichoguswa maji. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia. Hiyo ya pili ndiyo ukweli wote. Inchi zilipachikwa na viwanda vya nchi mbalimbali katika nyakati mbalimbali, kila mmoja akapima kwa namna yake, ndiyo maana zinatukanganya hadi leo.

Baiskeli ya milimani ya inchi 26 ina 559. Ya 27.5 ina 584. Ya 29 ina 622, na hiyo hiyo 622 ndiyo rimu ya baiskeli za mbio za lami zinazoandikwa 700C. Baiskeli ya mtoto ya inchi 24 ina 507.

Hapa kuna mtego. Ukikuta tairi limeandikwa 26 x 1 3/8, kwa sehemu na si kwa desimali, hilo ni la rimu ya 590, na halitakaa kwenye baiskeli ya milimani ya 26. Tairi la 26 x 1 1/2 nalo ni la 584, yaani rimu sawa na ya 27.5. Basi shika hivi: baiskeli ya milimani ya 26 huandikwa kwa nukta, kama 26 x 2.1. Ukiona mstari wa sehemu, rudi kwenye nambari ya milimita kabla hujatoa pesa.

Jambo hili nililijua vizuri nikiwa juu Molo, mvua inanyemelea. Jiwe lilichana tairi langu la nyuma ubavuni, tundu la kuingiza kidole gumba. Baiskeli ilikuwa ya 29. Nikaikokota hadi kwa fundi wa kwanza, kijana mwenye heshima zake, akatafuta kote kwenye kibanda chake akarudi na tairi la 28 x 1 1/2.

“Mzee, ya ishirini na tisa haiko. Lakini hii ya ishirini na nane ni ndogo kwa inchi moja tu, tukiivuta itaingia.”

Tukaivalisha. Haikuhitaji kuvutwa hata kidogo, iliingia kwa mikono mitupu kama pete ya baba kwenye kidole cha mtoto. Alipoanza kuijaza upepo ikachomoka upande mmoja na tyubu ikatokeza nje. Milimita 635 haziwezi kushika rimu ya 622. Kijana hakuwa na kosa, alikuwa ameamini maandishi. Mwishowe tulikata pakiti ya maziwa, tukaikunja mara mbili, tukaiweka ndani ya tairi langu la zamani kuziba mpasuko, nami nikashuka Njoro polepole hadi nyumbani. Ubavu wa tairi ulishikilia.

Hatua ya pili: pima mwili wako kabla hujapima baiskeli

Simama juu ya fremu, nyayo zote mbili chini, ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea. Kati ya bomba la juu na mwili wako pawe na nafasi ya angalau sentimita tano. Ukiendesha kwenye njia za mawe, nafasi zaidi ni bora, kwa sababu utashuka ghafla mahali pasipo sawa.

Kisha kaa kitini, weka pedali moja mbele kabisa, ukanyage kwa sehemu pana ya mbele ya wayo. Geuza usukani upande wa mguu huo. Je, ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele? Kama inagusa, baiskeli hiyo ni ndogo mno kwa fremu au gurudumu ni kubwa mno kwako. Watu hupuuza kipimo hiki kwa sababu dukani unapiga picha tu, hupigi kona kali.

Dada yangu mdogo anaishi karibu na Khayega na ana urefu wa sentimita 156. Muuzaji alimwambia achukue 29 kwa kuwa ndiyo “ya kisasa”. Wiki ya pili akanipigia simu: “Kaka, hii baiskeli inanishinda. Nikikata kona kwa mama mboga, kiatu kinashikwa na tairi, nimeanguka mara mbili.” Nilipokwenda nikakuta pia usukani wake uko juu kuliko kiti kwa kiganja kizima, kwa sababu gurudumu kubwa linahitaji uma mrefu wa mbele (ile miguu miwili inayolishika gurudumu), na uma mrefu huinua usukani. Mlima ukikaza, gurudumu la mbele lilikuwa linanyanyuka. Dada yangu alikuwa mwendeshaji mzuri kabisa kwenye baiskeli yake ya zamani. Tulibadilishana na mtu aliyekuwa na 27.5 ya fremu ndogo, na tangu siku hiyo sijasikia habari ya kuanguka.

Rai yangu, baada ya kuwaona wengi: aliye chini ya sentimita 160 aanze kujaribu 27.5 au 26, na 29 aichukue tu ikiwa fremu imetengenezwa mahususi kwa watu wafupi na imefaulu kipimo cha kiatu. Kati ya 160 na 175, 27.5 na 29 zote zinawezekana, acha njia iamue. Zaidi ya hapo, 29 itakukaa vizuri na 26 itakufanya uonekane na ujisikie kama umepanda baiskeli ya mtoto wako. Mtoto mwenyewe asinunuliwe baiskeli ya kukulia. Gurudumu la 24 analolimudu leo litamfundisha mengi kuliko la 29 analoliogopa.

Hatua ya tatu: itazame njia yako, mita kwa mita

Tofauti za magurudumu haya ni za kweli, ila ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Tairi la 26 x 2.1 likizunguka mara moja linasogea kama mita 2.09. La 27.5 x 2.25 linasogea kama mita 2.19. La 29 x 2.25 linasogea kama mita 2.31. Kutoka dogo hadi kubwa ni takriban asilimia kumi.

Sasa fikiria jiwe la sentimita kumi limekaa katikati ya njia. Gurudumu la 29 linaligonga kwa pembe ya kama digrii 43, na la 26 kwa kama digrii 46. Digrii tatu hivi. Ni kidogo, lakini unapoteremka na mawe yamepangana kama mkufu, digrii hizo tatu zinajirudia mara mia, na mikono yako itazihesabu zote hata kama akili haizihesabu. Gurudumu kubwa pia halizami sana kwenye shimo dogo, linavuka juu yake. Hilo ndilo jambo linalowafanya watu wakishazoea 29 wasitake kurudi.

Sehemu ya kuliona vizuri ni Menengai. Mji wa Nakuru uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,850, na ukingo wa kreta unafika mita 2,278, kwa hiyo unapanda zaidi ya mita 400 kabla hujaanza kujifurahisha. Juu kuna vumbi jepesi la volkano na mawe makali yaliyojitokeza. Kwenye vumbi lile gurudumu kubwa lenye tairi nene linagusa ardhi kwa unyayo mrefu zaidi, kwa hiyo halichimbi haraka unapokanyaga kwa nguvu. Kushuka nako, 29 inatulia. Kama nyumbani kwako ni Milimani, Kiamunyi au Bahati na wikendi zako ni Menengai, na mwili wako umeruhusu, mimi ningekuambia uchukue 29 bila kuzunguka mbuyu.

Lakini kupanda kuna deni lake. Gia zikiwa zile zile, gurudumu kubwa ni kama umeongezewa uzito wa gia. Chukua meno 22 mbele na 34 nyuma: kila mzunguko wa pedali unaisogeza baiskeli ya 26 kama mita 1.35, na ya 29 kama mita 1.49. Magoti ndiyo yanayolipa tofauti hiyo. Kwa hiyo ukinunua 29, hesabu meno. Gia kubwa ya nyuma iwe na meno mengi au ya mbele iwe na meno machache kuliko ulivyozoea. Muuzaji asiyejua hesabu hii atakwambia “utazoea”, na ukweli ni kwamba utakuwa unashuka na kusukuma.

Msitu wa Kakamega ni habari nyingine. Vijia ni vyembamba, mizizi imelala njiani, kona zinakuja moja juu ya nyingine, na baada ya mvua ya alasiri udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Hapa gurudumu dogo linageuka upesi na linaondoka upesi kutoka kusimama, kwa sababu rimu na tairi lake ni vyepesi na uzito wake uko karibu na ekseli. Mizizi ingependa 29, kona zingependa 26. Ndiyo maana kwa Kakamega na vijia vya milima ya Nandi napenda 27.5, na sisemi hivyo ili niwe katikati. Nimezipitisha zote tatu kwenye njia moja, na 27.5 ndiyo niliyomaliza nayo nikiwa na pumzi na bila kugusa ardhi kwa mguu.

Halafu kuna uwanda wa Kano. Ukitoka Kisumu kuelekea Ahero, ukaacha lami ukaingia mashambani karibu na mpunga, unakutana na udongo mweusi. Ukiwa mkavu ni mgumu na umepasuka. Ukilowa unashika tairi, unapanda nalo, unajaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Hapo ukubwa wa gurudumu si kitu, nafasi ndiyo kila kitu. Pitisha kidole chako cha shahada kati ya tairi na fremu pande zote, nyuma na mbele. Kisipopita, usiilete baiskeli hiyo Kano msimu wa mvua. Magurudumu ya 29 yenye matairi manene mara nyingi yamebanwa sana nyuma, karibu na pedali, kwa hiyo chunguza hapo hasa.

Na barabara ya lami kutoka Kisumu kupanda Riat, Kiboswa, Majengo hadi Kakamega? Hapo tairi laini lisilo na meno makubwa litakusaidia kuliko kubadilisha saizi ya gurudumu. Usitumie pesa za baiskeli mpya kutatua tatizo la tairi.

Wapo watakaokuambia kwamba wenye ujuzi wameshaamua na mjadala umekwisha. Historia inasema vingine. Inchi 26 haikuchaguliwa na mtaalamu yeyote kwa ajili ya milima. Vijana wa Marin, California, miaka ya 1970, waliokuwa wakiteremka mlima Tamalpais, walitumia baiskeli kuukuu za mitaani zenye matairi manene, na hizo zilikuwa na magurudumu ya 26. Saizi ikabaki. Tairi nene la kwanza la milimani kwa rimu ya 622 lilitoka mwaka 1999. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Ucheki alishinda dhahabu akiwa na 29, na Nino Schurter wa Uswisi akachukua fedha akiwa na 27.5. Kati yao palikuwa na sekunde moja. Schurter alihamia 29 baadaye na akashinda dhahabu Rio mwaka 2016. Kwenye mbio za kiwango hicho 29 imetawala, ndiyo, lakini wale wana mafundi na vipuri vinavyowasubiri kando ya njia. Wewe una kibanda cha fundi, na pengine kimefungwa Jumapili.

Hatua ya nne: mzigo

Ukibeba maziwa, mtungi wa gesi, au mtu kwenye keria, jibu langu ni fupi: 26 yenye spoki 36 kila gurudumu. Spoki fupi huyumba kidogo kuliko ndefu, na mzigo unakaa chini kidogo, kwa hiyo baiskeli haikuvuti upande unaposimama. Black Mamba yenye rimu yake kubwa ilibeba mizigo mizito kwa kuwa gurudumu lake la nyuma lilikuwa na spoki 40 na chuma kingi. Baiskeli ya 29 ya siku hizi yenye spoki 28 au 32 na rimu ya alumini nyembamba haikutengenezwa kwa gunia la mahindi.

Hatua ya tano: tembea madukani bila pesa mfukoni

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na kwangu ni nzito sawa na ya mwili. Kabla hujanunua baiskeli, zunguka kwa mafundi na wauza vipuri wa pale utakapokuwa unaharibikiwa. Sisemi Nairobi. Nasema kituo chako: Njoro, Mbale, Luanda, Kondele, popote ulipo. Uliza vitu vitatu: tairi la saizi unayoitaka, tyubu yake, na spoki zake. Usiulize “unaweza kupata?” maana jibu daima ni ndiyo, kesho. Uliza “nionyeshe”.

Mara nyingi utaonyeshwa 26 na 28 kwa wingi, 29 kwa uchache, na 27.5 kwa shida. Hali inatofautiana mji na mji, ndiyo sababu nakuambia uende mwenyewe.

Tyubu haipaswi kukutisha. Ni mpira, inanyumbulika. Tyubu ya 27.5 itafanya kazi ndani ya tairi la 29 bila shida, na hata ya 26 itakufikisha nyumbani ukiivuta, ingawa itakuwa nyembamba na rahisi kutoboka. Kinyume chake hakifai: tyubu kubwa ndani ya tairi dogo hujikunja na kupasuka kwenye mkunjo. Tairi lenyewe halina huruma ya aina hiyo, kama nilivyoonyeshwa Molo.

Spoki ni fumbo kubwa zaidi. Urefu wake hautegemei gurudumu peke yake, unategemea pia habu (kitovu cha gurudumu) na rimu, na mara nyingi upande wa gia ni tofauti na upande wa pili. Ukinunua baiskeli ya 29 au 27.5, nunua spoki sita za akiba siku hiyo hiyo, tatu za kila upande, uzifunge kwa mpira chini ya kiti. Utanikumbuka.

Angalia pia vali. Ile nene kama ya gari inajazwa upepo kwenye kituo chochote cha mafuta kati ya Nakuru na Busia. Ile nyembamba ya baiskeli za mbio inahitaji kiungo kidogo cha shaba, na ukikipoteza umekwama. Na ekseli: baiskeli mpya za bei ya juu zina ekseli nene ya kupenya, milimita 15 mbele na 12 nyuma. Ni imara kweli, lakini gurudumu la kuazima kutoka kwa jirani halitaingia. Za kawaida zenye nati au mkono wa kufungua haraka ndizo mafundi wetu wanazijua kwa macho yaliyofumbwa.

Hatua ya sita: jaribio la kweli, nusu saa tu

Ukishapunguza uchaguzi hadi baiskeli mbili, omba kuzijaribu. Muuzaji wa mitumba akikataa kabisa, acha kitambulisho au mwache rafiki yako pale. Hakikisha kwanza matairi ya zote mbili yana upepo unaolingana, kwa sababu baiskeli yenye upepo kidogo itaonekana nzito hata kama haina kosa.

Tafuta mteremko mfupi wenye matuta au kokoto. Anza kutoka alama moja, usikanyage pedali, uache ishuke yenyewe, uone inakofika kabla ya kusimama. Rudia na ya pili. Usirudie mara moja, rudia tatu. Kisha panda mteremko huo huo umekaa kitini kwenye gia nyepesi kabisa, na usikilize magoti, si mapafu. Mwisho, piga nane kwenye uwanja: zunguka kushoto, zunguka kulia, ndani ya upana wa barabara ya kijijini. Baiskeli utakayolazimika kushusha mguu kwenye nane hiyo ndiyo itakayokuangusha kwenye kijia chembamba.

Kama ni mtumba, geuza juu chini uzungushe magurudumu. Tazama rimu ikipita karibu na breki. Ikiyumba kidogo fundi atainyosha, ikiyumba sana au ikiruka juu na chini, rimu imegongwa. Minya spoki mbili mbili kwa vidole, za upande mmoja ziwe na mkazo unaokaribiana. Kwenye breki za rimu, pitisha ukucha pale mpira unaposhika. Ukikuta pamechimbika kama bakuli, rimu imeliwa na siku moja itapasuka ukiwa kwenye mteremko.

Je, naweza kubadilisha magurudumu ya baiskeli niliyo nayo?

Swali hili huulizwa sana. Kuweka 29 kwenye fremu ya 26, hapana, gurudumu litagusa fremu au uma. Kuweka 27.5 kwenye fremu ya 29 kunawezekana ikiwa tu breki ni za diski, kwa sababu breki za rimu hazitafikia rimu iliyoshuka. Lakini baiskeli nzima itashuka kama sentimita mbili, na pedali zitaanza kugonga mawe. Kuna baiskeli zilizotengenezwa tangu kiwandani zikiwa na 29 mbele na 27.5 nyuma, na zinaendeshwa vizuri kwenye miteremko mikali. Kwa huku kwetu, kuweka akiba ya matairi ya saizi mbili ni mzigo ambao sioni sababu ya kuubeba.

Baada ya kununua

Andika nambari ya milimita, 559, 584 au 622, kwa rangi isiyofutika ndani ya fremu karibu na pedali. Siku utakapomtuma mtoto dukani kuleta tairi, atainakili badala ya kukumbuka.

Upepo: kwa mtu wa kama kilo 65 hadi 70 na tairi la 2.2 lenye tyubu, anzia psi 28 hadi 32, nyuma zaidi ya mbele kwa psi mbili. Usipite kiwango kilichoandikwa kando ya tairi. Ukiingia Kakamega kwenye matope, punguza kidogo. Kwenye mawe ya Menengai usipunguze sana, maana tairi laini litabonyea na rimu itaiuma tyubu dhidi ya jiwe, ikitoboa matundu mawili sambamba kama ya jino la nyoka. Ukipita kwenye ua wa kayaba uliopogolewa karibuni, shuka na ubebe baiskeli. Miiba ile haijali saizi ya gurudumu.

Baada ya wiki mbili za kwanza rudisha baiskeli kwa fundi akaze spoki. Gurudumu jipya hutulia, na spoki hulegea. Mwambie azunguke gurudumu lote, asikaze zile zinazolia tu.